Reksini, turubai na flexi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu msimbo wa forodha wa vitambaa vilivyopakwa plastiki

Majibu haya ni ya wafanyabiashara wanaoingiza majora Uganda kupitia Malaba, Busia au Mutukula, na ya mawakala wa forodha wanaowajazia matamko. Yanafuata Ushuru wa Pamoja wa Nje wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, toleo la 2022. Soma ukiwa na kipande cha kitambaa chako mkononi. Bila kipande, nusu ya majibu haitakufaa.

Je, reksini (ngozi bandia) ni nguo au ni plastiki?

Inategemea jinsi ilivyotengenezwa. Mfumo wa HS, yaani mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa namba, una mahali patatu pa kuweka kitambaa chenye plastiki. Kichwa 59.03 ni cha vitambaa vilivyonyweshwa, vilivyopakwa, vilivyofunikwa au vilivyobandikwa plastiki. Sura ya 39 ni ya plastiki zenyewe, nayo humeza vitambaa vingi ambavyo plastiki imevizidi. Sura za 50 hadi 55, 58 na 60 ni za vitambaa vya kawaida, na hupokea hata vile vilivyotiwa plastiki ambayo jicho haliioni. Majora mawili yanayoitwa "reksini nyeusi", yaliyotoka kiwanda kimoja, yanaweza kwenda sura mbili tofauti kwa sababu ya mgongo wa kitambaa tu.

Kwa hiyo jina la sokoni Kampala, la Kiyembe au la Kikuubo, halimsaidii ofisa wa forodha. Anachotaka kujua ni mambo matano: kitambaa cha ndani kimetengenezwaje, plastiki ni ya aina gani, iko upande mmoja au pande zote mbili, ina povu au haina, na inaonekana kwa macho au haionekani.

Tofauti ya sura inaweza kunigharimu kiasi gani?

Ushuru wa pamoja una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Ngazi ya 35 iliongezwa tarehe 1 Julai 2022. Chukua mzigo wa CIF (bei pamoja na bima na nauli) shilingi 60,000,000, tuseme ulitamkwa kwenye mstari wa asilimia 10, kisha ofisa akauhamishia kwenye mstari wa asilimia 25.

Kwa 10: ushuru ni 6,000,000. VAT ya asilimia 18 inahesabiwa juu ya 66,000,000, yaani 11,880,000. Jumla 17,880,000.
Kwa 25: ushuru ni 15,000,000. VAT juu ya 75,000,000 ni 13,500,000. Jumla 28,500,000.

Pengo ni shilingi 10,620,000, na kati ya hizo 1,620,000 ni VAT iliyopanda kwa sababu ushuru ulipanda. Kodi ya zuio ya asilimia 6 na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5 hazibadiliki katika mfano huu, kwa kuwa zinakokotolewa juu ya CIF.

Kiwango chenyewe usikichukue kwenye karatasi ya mwaka jana. Kila mwisho wa Juni, Gazeti la Jumuiya hutangaza mistari ambayo nchi fulani imeruhusiwa kutoza tofauti kwa mwaka mmoja. Uganda imewahi kutumia ruhusa hiyo kwa vitambaa: asilimia fulani, au dola kadhaa kwa kilo, chochote kitakachokuwa kikubwa. Pale mstari unapokuwa na sharti la kilo, kitambaa kizito cha bei nafuu huumia zaidi, na uzito halisi wa jora unakuwa muhimu kama bei yake.

Msimbo wenyewe umejengwaje?

Tarakimu nane. Mbili za kwanza ni sura, nne ni kichwa, sita ni kijichwa, na hizo sita ni zilezile kwa nchi zote zinazotumia HS. Mbili za mwisho ni za Afrika Mashariki. Ndani ya 59.03 vijichwa ni vitatu: 5903.10 kwa PVC, 5903.20 kwa poliyurethani (PU), na 5903.90 kwa plastiki nyingine kama polithini au akriliki.

Unasoma kwanza maneno ya kichwa pamoja na madokezo, yaani maelezo ya kisheria yaliyo mwanzoni mwa sura na mwa sehemu. Hiyo ndiyo Kanuni ya 1 ya ufafanuzi. Ukishapata kichwa ndipo unashuka kwenye vijichwa, kwa Kanuni ya 6. Mawakala wengi hufanya kinyume: wanatafuta neno "PVC" kwenye kompyuta, wanachukua msimbo wa kwanza unaotokea, na dokezo halifunguliwi kabisa. Kwa vitambaa hivi kosa hilo ni kubwa, maana karibu kila jambo limeamuliwa na Dokezo la 2 la Sura ya 59.

Dokezo hilo linasema nini?

Linasema 59.03 hupokea kitambaa chenye plastiki, hata uzito wake kwa mita ya mraba uwe wowote, na plastiki iwe imeshikamana au ina povu. Kisha linatoa vilivyofukuzwa. Vipime kwa mpangilio huu:

1. Plastiki haionekani kwa macho matupu. Kitambaa kinarudi kwenye sura yake ya kawaida. Mabadiliko ya rangi yaliyoletwa na dawa hayahesabiwi kuwa "kuonekana".
2. Kipande hakiwezi kukunjwa kwa mkono kuzunguka fito ya kipenyo cha milimita 7 bila kuvunjika, katika joto la nyuzi 15 hadi 30 za Selsiasi. Hicho kwa kawaida ni cha Sura ya 39.
3. Kitambaa kimezama kabisa ndani ya plastiki, au kimefunikwa chote pande zote mbili, na plastiki hiyo inaonekana. Sura ya 39.
4. Plastiki imewekwa sehemu sehemu tu na kuacha michoro, kama nukta au maua. Kitambaa cha kawaida.
5. Ni bamba au karatasi ya plastiki yenye povu, na kitambaa kimewekwa kwa ajili ya kuiimarisha tu. Sura ya 39.
6. Ni kitambaa cha tabaka kilichoshonwa na kujazwa, cha kichwa 58.11.

Kipimo cha fito hakihitaji maabara. Biti ya drili ya milimita 7 inatosha. Funga kipande cha sentimita 5 kwa 10 kuizunguka, kikaze kwa vidole, kifungue, angalia kama kuna ufa. Kampala joto la mchana liko ndani ya mipaka karibu mwaka mzima. Kabale alfajiri siyo: plastiki baridi hukakamaa, na kipande kitakachopasuka saa moja asubuhi huenda kisipasuke saa saba mchana. Matokeo yanayohesabika ni yale ya ndani ya nyuzi 15 hadi 30.

"Kuonekana kwa macho" kunapimwaje?

Kwa macho ya mtu wa kawaida kwenye mwanga wa mchana. Hutumii lenzi wala simu iliyokuza picha. Angalia uso, angalia mgongo, kisha kata kwa wembe na uangalie ukingo uliokatwa. Jiulize: naona tabaka ambalo si uzi? Je, matundu kati ya mtande na mshindio (nyuzi za urefu na za upana) yamezibwa na kitu? Kung'aa peke yake, ugumu peke yake au maji kuteleza juu yake havitoshi. Nyuzi zikionekana zote waziwazi na huwezi kuonyesha kwa kidole "plastiki ni hii hapa", basi haionekani.

Hapa ndipo kitambaa cha mwavuli na cha bitana ya jaketi hukosewa. Ni taffeta nyepesi ya poliesta iliyopakwa PU angavu. Msambazaji anaandika "PU coated", wakala anakimbilia 5903.20, kumbe mara nyingi upako hauonekani na mahali pake ni 54.07, pa vitambaa vya kawaida vya nyuzi za sintetiki. Kitambaa kilekile kikiwa na upako mweupe au wa rangi ya fedha unaofunika nyuzi za upande mmoja, kinahamia 59.03.

Kuna jambo lililoingia na HS 2022. Dokezo la 3 la Sura ya 59 linaeleza kuwa kitambaa "kilichobandikwa" ni kile kilichounganishwa na karatasi au filamu ya plastiki kwa njia yoyote ya kugandisha, iwe filamu hiyo inaonekana kwenye ukingo au haionekani. Maana yake kipimo cha macho ni cha kunyweshwa, kupakwa na kufunika. Kitambaa cha koti chenye utando mwembamba uliobandikwa kinabaki 59.03 hata kama wembe haukufunulii kitu. Muulize msambazaji swali moja tu: plastiki ilipakwa ikiwa majimaji, au ilikuja ikiwa filamu tayari?

Reksini ya sofa: niiweke wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na mafundi wa sofa wa Ndeeba wanagusa jibu lake kila siku bila kujua. Chukua kipande cha reksini ya kawaida ya PVC, kikate kwa wembe mpya, kwa pigo moja. Utaona ukingo wa tabaka tatu. Juu kuna ngozi nyembamba, ngumu kidogo, yenye mikunjo ya kuiga ngozi ya ng'ombe. Katikati kuna tabaka nene zaidi, laini. Libonyeze kwa ukucha linarudi, na ukiligeuza kwenye mwanga unaona vitundu vidogo kama vya mkate. Hilo ndilo povu. Chini kuna kitambaa, mara nyingi cha vitanzi kama cha fulana.

Sasa geuza mgongo. Kwa plastiki yenye povu iliyo na kitambaa upande mmoja tu, maelezo rasmi ya HS yanahukumu hivi: kitambaa kisicho na michoro, ambacho hakijapaushwa, kimepaushwa au kimetiwa rangi moja, kinahesabiwa kuwa cha kuimarisha tu. Bidhaa hiyo ni plastiki: 3921.12 ikiwa povu ni la PVC, 3921.13 ikiwa ni la PU. Lakini mgongo ukiwa umechapishwa, una michoro, au umechanwa hadi ukatoa vinyweleo, kitambaa kimepewa kazi zaidi ya kuimarisha. Hapo unarudi 59.03.

Kwa hiyo kidole kinaamua mengi. Pitisha kiganja mgongoni. Ukisikia vitanzi vikavu vya fulana nyeupe, fikiria 3921.12. Ukisikia ulaini wa flaneli, vinyweleo vilivyosimama vinavyobadilika rangi ukivilaza upande mwingine, fikiria 5903.10. Andika jambo hilo kwenye ankara, kwa sababu picha ya uso wa reksini haiwezi kulionyesha.

Na kama tabaka la katikati halina povu, ni PVC iliyoshikamana tupu juu ya kitambaa? Hoja ya kuimarisha haipo tena, kwa kuwa inahusu plastiki yenye povu pekee. Mgongo wa kufumwa au wa vitanzi uwe na rangi au michoro yoyote, ikiwa upande mmoja tu umefunikwa na kipande kinakunjika kwenye fito, ni 59.03.

Kitambaa cha dari la gari kina sponji katikati na nguo pande zote mbili. Hicho vipi?

Kina kitambaa nyuso zote mbili za povu, kwa hiyo hakiwi bamba la plastiki la Sura ya 39. Tafuta 59.03, au 56.02 na 56.03 ikiwa nguo yenyewe ni felti au isiyofumwa.

Flexi ya mabango je?

Flexi nyingi inayochapishwa Nasser Road na Nkrumah Road ni wavu wa nyuzi za poliesta uliobanwa kati ya tabaka mbili za PVC. Ukiinua dhidi ya jua unaona wavu, lakini ukigusa uso hugusi uzi popote. Hiyo ni plastiki pande zote mbili, inaonekana, na mahali pake ni 3921.90. Ikiwa ina gundi mgongoni na karatasi ya kubandua, hiyo ni bidhaa nyingine kabisa, ya kichwa 39.19.

Haya yanahusu flexi tupu. Bango lililokwisha kuchapishwa tangazo nje ya nchi likaingizwa tayari limehama, kwani picha na maneno ndiyo kazi yake, na Dokezo la 2 la Sehemu ya VII linalipeleka Sura ya 49, ya machapisho.

Turubai la lori ni 63.06, kichwa cha maturubai ya nguo, sivyo?

Si kila turubai. Kwanza tenganisha jora na turubai lililomalizika.

Jora la PVC nzito, tuseme gramu 650 kwa mita ya mraba, lililopakwa kote pande zote mbili, ni Sura ya 39, kichwa 39.21, ingawa msokotaji, muuzaji na dereva wote wanaliita kitambaa. Kulikata mstatili tu hakulibadilishi. Likishashonwa upindo na kupigwa vijicho vya shaba limekuwa bidhaa iliyotengenezwa, na kwa kuwa malighafi yake ni ya Sura ya 39, bidhaa inafuata huko: 3926.90. Turubai lililoshonwa kutokana na kitambaa chenye plastiki upande mmoja, yaani cha 59.03, ndilo la 63.06, na la nyuzi za sintetiki lina kijichwa 6306.12.

Maturubai mepesi ya bluu au ya rangi ya chungwa ya kuanikia mahindi ni hadithi nyingine. Hayo yamefumwa kwa utepe wa polithini kisha yakapakwa polithini. Pima utepe mmoja kwa rula. Ukiwa hauzidi milimita 5, unahesabiwa kuwa uzi na mfumo wake ni kitambaa. Ukizidi 5, huo ni utepe wa plastiki na mfumo wake unaangukia Sura ya 46, ya vitu vya kusukwa. Baada ya hapo uliza kama upako unaonekana pande zote mbili. Kwenye turubai jepesi upako ni mwembamba na wa rangi ileile ya utepe, ndiyo maana maofisa wawili wanaweza kutofautiana kuhusu jora moja. Njia nzuri ya kulionyesha ni kung'oa: kwaruza kona kwa kisu hadi filamu inyanyuke, ishike kwa vidole, ivute. Peleka kipande hicho kilichong'olewa nusu pamoja na nyaraka. Ukingo ulionyanyuka unamwonyesha ofisa pa kutazama, lakini hukumu inabaki ya macho juu ya kipande kizima.

Kitambaa kisichofumwa kilichopakwa plastiki kinaingia 59.03?

Hakiingii. Neno "kitambaa" katika Sura ya 59 limefafanuliwa na Dokezo la 1, na kisichofumwa hakimo. Kinabaki 56.03 hata kikipakwa, isipokuwa kimezama kabisa kwenye plastiki au kimefunikwa pande zote mbili kwa plastiki inayoonekana, ambapo huenda Sura ya 39. Vijichwa vya 56.03 hugawanywa kwa uzito: hadi gramu 25 kwa mita ya mraba, zaidi ya 25 hadi 70, zaidi ya 70 hadi 150, na zaidi ya 150. Uzito ulioandikwa vibaya kwenye ankara hapa unabadilisha msimbo moja kwa moja.

Raba, linoliamu, kamba za matairi?

Raba ni 59.06. Mazulia ya linoliamu na ya upako juu ya mgongo wa nguo ni 59.04. Kitambaa cha kutengenezea matairi, cha nyuzi zenye nguvu kubwa za nailoni, poliesta au viskosi, ni 59.02 hata kikiwa na plastiki. Turubai la wachoraji lililotayarishwa ni 59.01.

Nitajuaje kama ni PVC au PU?

Karatasi ya vipimo ya kiwanda ndiyo ushahidi wa kwanza. Kwa kujiridhisha kuna jaribio la waya wa shaba: pasha waya kwenye moto hadi wekundu na hadi rangi yoyote ya kijani iishe, uguse upako ukiwa moto, urudishe motoni. Mwali wa kijani unaonyesha klorini, dalili ya PVC. PU haitoi kijani. Shika waya kwa koleo, fanya nje penye upepo, kwa kipande kidogo, kwa sababu moshi wa PVC una asidi. Jaribio hili linakupa dalili tu. Forodhani litakalosimama ni jibu la maabara.

Baadhi ya ngozi bandia zina povu la PVC na ngozi ya juu ya PU. Usichague jina linalopendeza kwenye tangazo. Tazama ni plastiki ipi iliyoipa bidhaa tabia yake, na omba kiwanda kiandike unene na uzito wa kila tabaka.

Msambazaji anasema plastiki ni zaidi ya asilimia 70, kwa hiyo ni plastiki. Kweli?

Asilimia hiyo inatoka kwenye ushuru wa Marekani, ambao ndani ya 5903 una mgawanyo wa asilimia 70 kwa uzito. Afrika Mashariki haina mgawanyo huo. Kitambaa chenye plastiki asilimia 85 upande mmoja, bila povu, kinachokunjika, kinabaki 59.03. Vivyo hivyo msimbo wa China kwenye ankara, kwa mfano 59031020 wa ngozi bandia: sita za mwanzo zichukue kama pendekezo, mbili za mwisho ni za kwao. Na hata hizo sita, kiwanda huchagua kwa kufuata masilahi ya mauzo yake, wakati anayejibu mbele ya URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda) ni wewe.

Ankara iandikweje?

"PVC fabric, 200 rolls" ni mwaliko wa kufunguliwa kontena. Agiza msambazaji aandike mambo yote haya katika mstari wa bidhaa. Kwa Kiswahili yangesomeka hivi:

"Ngozi bandia ya kufunikia viti. Mgongo: poliesta asilimia 100, vitanzi, umechanwa vinyweleo, rangi moja. Upako: PVC yenye povu, upande mmoja tu, mgongo haujapakwa. Unene milimita 1.0. Gramu 620 kwa mita ya mraba. Upana mita 1.40. Jora la mita 40. Majora 200."

Kisha hakiki kwa hesabu. Jora moja: 1.40 × 40 = mita za mraba 56; mara gramu 620 ni kilo 34.72. Majora 200 ni kilo 6,944 bila bobini na vifungashio. Orodha ya upakiaji ikisema kilo 9,500, kuna kitu hakikuandikwa, na ofisa atakigundua kwa hesabu hiyohiyo.

Sampuli ikatwe vipi?

Kata karatasi mbili za ukubwa wa A4, mita kadhaa kutoka mwanzo wa jora, mbali na pindo, kwa kuwa mwanzo wa jora mara nyingi una upako usio sawa. Moja ibaki kwako, imesainiwa na kuandikwa tarehe na namba ya kontena. Kutoka ile ya pili kata mraba wa sentimita 10 kwa 10 na uupime kwenye mizani ya kupimia dhahabu. Gramu zikizidishwa kwa 100 ndizo gramu kwa mita ya mraba: 6.2 ni 620. Usikunje sampuli ndani ya bahasha, kwa maana alama ya mkunjo huonekana kama ufa.

Naagiza kutoka kiwanda cha Kenya. Msimbo bado una maana?

Una maana kubwa. Bidhaa yenye asili ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha asili, na VAT inabaki. Lakini kanuni ya asili inasomwa kwa msimbo. Cheti kikisema 5903.10 na ofisa akaona 3921.12, mzigo unaweza kusimama hadi cheti kirekebishwe kilikotoka. Tumieni kipande kimoja na msimbo mmoja pande zote mbili kabla lori halijaondoka.

Naweza kupata uamuzi kabla ya kuagiza?

Ndiyo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, 2004, inaruhusu kuomba kwa Kamishna uamuzi wa mapema kuhusu msimbo. Peleka maombi ya maandishi, sampuli, karatasi ya vipimo, maelezo ya utengenezaji na msimbo unaoupendekeza pamoja na sababu. Onyesha dokezo unalolitegemea kwa namba. Kwa anayeleta bidhaa ileile kila mwezi, hatua hii inastahili muda wake kuliko nyingine yoyote kwenye ukurasa huu. Mgongo wa reksini ukibadilika kutoka vitanzi kwenda vinyweleo, uamuzi ule haukulindi tena, omba mwingine.

Ofisa amebadilisha msimbo wangu. Nifanye nini?

Omba sababu kwa maandishi, pamoja na dokezo alilotumia. Una siku 30 tangu uamuzi kuomba mapitio kwa Kamishna, chini ya kifungu cha 229 cha Sheria hiyohiyo ya Forodha. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, na asipojibu ndani ya muda huo, ombi lako linahesabiwa limekubaliwa. Ukikataliwa, una siku 45 kwenda Mahakama ya Rufaa za Kodi chini ya kifungu cha 230. Wakati mapitio yanaendelea unaweza kuomba mzigo uachiliwe kwa kulipa kiasi walichokokotoa au kwa kuweka dhamana. Fanya hivyo mapema, kwa sababu gharama za bohari zinaendelea kuhesabiwa hata kama haki ni yako.

Katika ombi la mapitio, usiandike kwamba "wengine wanalipa kidogo". Andika kilichoko kwenye kipande: tabaka ngapi, upande gani, mgongo gani, fito ya milimita 7 ilitoa nini na kwenye nyuzi ngapi za joto.

Nimegundua mzigo wa mwaka jana ulitamkwa vibaya.

Kama ulilipa zaidi, dai la kurudishiwa lazima lifike ndani ya miezi 12 tangu siku ya malipo. Kama ulilipa pungufu, forodha inaweza kudai ndani ya miaka mitano, na kukiwa na udanganyifu mpaka huo hauzuii. Deni huongezeka kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Kosa la msimbo lililofanywa kwa nia njema na lililoelezwa na mwagizaji mwenyewe ni jambo la hesabu. Maelezo ya uongo kwenye tamko ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 203. Tunza nyaraka na ile sampuli ya A4 kwa miaka mitano. Sampuli iwekwe mahali pakavu pasipo jua, ikiwa imelazwa, maana PVC iliyochomwa na jua la dirishani hukakamaa, na kwenye ukaguzi wa miaka mitatu baadaye inaweza kupasuka kwenye fito ambayo ilipokuwa mpya iliizunguka bila shida.

Bidhaa zilizoshonwa tayari zinafuata kitambaa?

Makoti ya mvua, ndiyo. Yaliyoshonwa kwa kitambaa cha 59.03 ni 62.10, au 61.13 ikiwa kitambaa ni cha vitanzi. Yaliyotengenezwa kwa plastiki tupu au kwa malighafi ya Sura ya 39 ni 3926.20. Mikoba na mabegi hayana haja ya mabishano haya marefu: 42.02 inaweka uso wa nje wa karatasi ya plastiki na wa nguo kwenye kijichwa kimoja, kwa mfano 4202.22 kwa mikoba ya mkononi.